Sehemu ya 6: Kabla hujazungusha hilo gurudumu

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala saa nne tu, kwa hiyo mkiona nimerukaruka mnivumilie. Najua sehemu ya 5 niliishia kwenye kitovu na nikaahidi leo ni umanjano wa mtoto mchanga. Umanjano utasubiri hadi Jumamosi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne na nisipolisema sitalala vizuri.

Jumanne usiku nilikuwa na mama mmoja wodini. Amenipa ruhusa niandike, na nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike. Alikuwa siku ya pili baada ya kumpoteza mtoto, mimba ya wiki 31. Wale mliopita njia hiyo mnajua ukimya wa chumba kile, mnajua na maziwa yanavyokuja hata kama hakuna wa kuyanyonya. Nimeingia saa tatu kumpima presha, simu yake ikalia. Akaitazama. Halafu akanigeuzia kioo, hakusema neno.

Ilikuwa barua pepe ya tangazo. Rangi ya waridi, maputo yanapanda juu. Hongera, umeingia wiki ya 32! Chini kuna picha nne za matunda: papai, nanasi, nazi, tikiti. Gusa ukisie mtoto wako ana ukubwa gani leo, ukipatia unapewa punguzo.

Nimesoma uuguzi miaka mitatu, nina miaka kumi na moja kazini, na sikuwa na la kumwambia. Nikamwomba simu, nikashuka mpaka chini kabisa kutafuta pa kujiondoa. Maandishi ya kijivu, madogo kama mchanga. Nikabonyeza, ikafunguka fomu inayouliza kwa nini unatuacha: barua ni nyingi mno, hazinihusu, nyinginezo. Usipochagua hutoki. Mama wa watu akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada nesi, weka nyinginezo."

Nilipomuuliza walipata wapi wiki zake, akakumbuka. Mimba ikiwa changa kabisa aliona kikokotoo cha tarehe ya kujifungua, akaingiza tarehe ya hedhi yake ya mwisho na anwani ya barua pepe ili atumiwe jibu. Ni hivyo tu. Kuanzia hapo kila wiki ikawa swali, kura, mchezo. Anasema alikuwa anazifurahia. Alikuwa anamwonyesha mume wake tunda la wiki.

Sasa tuongee.

Zamani tangazo la barua pepe lilikuwa kama kipeperushi cha mlangoni, unasoma au unatupa. Siku hizi linakuvuta mkono. Kuna gurudumu la bahati la kuzungusha, kuna kadi ya kukwangua kama zile vocha zetu za muda wa maongezi, kuna maswali ya chemsha bongo, kuna saa inayohesabu kurudi nyuma kwamba ofa inaisha. Machi 2019 Google waliruhusu Gmail ipokee barua zinazofanya kazi humohumo ndani, kwa teknolojia inayoitwa AMP, yaani unajaza fomu au unapiga kura bila hata kutoka kwenye barua yenyewe. Nyingi zinazotufikia hazina ufundi mkubwa hivyo, unagusa picha inakupeleka kwenye ukurasa wa muuzaji. Kwako wewe mwenye kidole ni kitu kilekile.

Nilimuuliza binamu yangu anayefanya kazi ya masoko, kwani mnahangaikia nini na michezo yote hiyo? Akacheka. "Dada, mtu akisoma tu hatumjui. Akibonyeza tunamjua."

Hebu lisome tena hilo jibu. Wao wanasema ni kuongeza ushirikiano na mteja, na kweli watu wanashiriki, mchezo unavutia kuliko maandishi. Lakini kila unapogusa umemwandikia mtu mstari kwenye daftari lake. Umejibu "ndiyo, ananiamsha sana usiku", umeandikwa: amechoka. Umechagua nepi namba mbili, umeandikwa umri na uzito wa mtoto. Na hata usipojibu chochote, barua nyingi zina kapicha kadogo kasikoonekana, ukifungua tu kanatoa taarifa kwamba umefungua na saa ngapi. Saa tisa usiku. Nani anasoma tangazo saa tisa usiku? Mimi na wewe tunajua ni nani. Ni mwanamke aliyekaa kitandani taa imezimwa, mtoto kifuani, simu mkono wa pili, na hana wa kumuuliza.

Mie sina ugomvi na muuza viatu. Gurudumu la viatu zungusha mpaka likatike, ukipata asilimia kumi heri yako. Ninapokataa ni pale mchezo unapouliza habari za mwili wako au mtoto wako, na anayeuliza ana kitu cha kukuuzia jibu likitoka. Hapo si mchezo tena. Ni mahojiano ya kliniki yanayofanywa na muuzaji.

Nawaambia nikijua, maana yamenikuta. Mwanangu wa pili akiwa na wiki sita, niko kwenye zile siku 84 zetu za likizo, mtoto akaanza kunyonya jioni nzima bila kushuka. Analia, ananyonya, anaachia, analia. Usiku nikakuta barua pepe ya kampuni fulani ya nje, kwa Kiingereza, inaniuliza kama mtoto wangu anashiba. Maswali matano, dakika moja. Analia jioni? Ndiyo. Anaamka zaidi ya mara mbili usiku? Ndiyo. Anataka kunyonya tena kabla saa mbili hazijaisha? Ndiyo. Unahisi matiti yako ni laini kuliko wiki za mwanzo? Ndiyo. Una wasiwasi kwamba maziwa yako hayatoshi?

Jamani, saa nane na nusu usiku, nani hana wasiwasi?

Ikatoka sura ya njano ya huzuni, ikaniambia mtoto wangu huenda anahitaji msaada zaidi, na kitufe cha punguzo la maziwa ya kopo, mwisho saa 24, sekunde zinahesabika mbele ya macho yangu. Na mimi, nesi, ninayewafundisha wenzangu kumpakata mtoto na kumuweka titini, nikamwamsha mume wangu kumuuliza kama tuna hela ya kopo asubuhi. Mume wangu ni fundi umeme, hajui lolote la wodini. Akauliza, "Kwani hakojoi?" Nikasema anakojoa sana. "Uzito?" Nikasema ameongeza zaidi ya kilo tangu azaliwe. Akasema "Sasa?", akajifunika.

Kesho yake akili ilipotulia nikarudi kwenye yale maswali. Nikajibu kama mama mwingine kabisa: mtoto halii, analala vizuri, sina wasiwasi wowote. Ikatoka sura ya tabasamu, hongera mama, endelea kuhakikisha anapata kinachomtosha, na kitufe kilekile cha punguzo. Nikajaribu mara ya tatu nikichanganya majibu. Kopo lilelile. Milango mitano, chumba kimoja.

Na angalia walichouliza. Mtoto mchanga kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida. Kulia na kung'ang'ania titi jioni, hasa wiki za tatu mpaka sita, ni kawaida, mara nyingi anakua na anaagiza maziwa yaongezeke. Titi kulegea baada ya wiki za mwanzo halimaanishi limekauka, mwili wako umejua kiasi anachohitaji. Yaani waliuliza mambo ambayo karibu kila mama angesema ndiyo. Mimi nikikupokea kliniki siulizi hayo kwanza. Naangalia kadi, uzito unapanda? Mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, na tunatarajia akifika wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Nauliza nepi zilizoloa, kuanzia siku ya tano na kuendelea tunataka sita au zaidi kwa siku. Nakwambia mnyonyeshe nikiwa nimekaa hapo, nimsikie akimeza. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa kwenye mchezo wao, na sidhani walisahau.

Msinielewe vibaya hapa, maana najua kuna mama anasoma hii ana kopo mezani na roho imeshaanza kumuuma. Wapo wanaohitaji maziwa ya kopo kwa sababu za kweli, na nimewaandalia kwa mikono yangu mwenyewe wodini. Uamuzi huo ufanye na mtu aliyemshika mtoto wako, akampima. Nachokataa ni wewe kuuziwa hofu.

Tena si wazo langu. Mei 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, kura 118 za ndiyo na moja ya hapana, ya Marekani. Humo imekatazwa kuvitangaza kwa umma, imekatazwa kuwapa akina mama sampuli, na kuna kipengele ninachokipenda: watu wa masoko wasitafute mawasiliano na mjamzito au mama wa mtoto mdogo, ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2012, sisi Tanzania tuna kanuni za 2013. Mwaka 1981 walikuwa wanawafikiria wale wauzaji waliokuwa wanaingia mawodini wamevaa sare nyeupe kama manesi. Leo hahitaji sare. Anaingia kwenye simu akiwa amevaa maputo na kukuita mama kipenzi.

Na anaingia kwelikweli. Mwaka 2022 WHO na UNICEF walitoa ripoti baada ya kuongea na wazazi na wajawazito 8,500 kwenye nchi nane, Nigeria na Afrika Kusini zikiwemo. Asilimia 51 walisema wamefikiwa na matangazo ya kampuni za maziwa ya kopo. Mei 2025 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio mahsusi kuhusu matangazo haya ya mtandaoni. Miaka 44 baada ya ile kanuni! Ila sawa, limefika.

Mtu ataniambia, nesi, unakuza mambo, kwani wiki zangu za mimba zitamfaa nani? Uingereza kulikuwa na kilabu cha wajawazito na wazazi kinaitwa Bounty. Kilikuwa maarufu kwa vifurushi vya zawadi kwa akina mama, na taarifa zao kilizikusanya kwa njia nyingi, hata pembeni ya kitanda cha mzazi hospitalini. Aprili 2019 msimamizi wa taarifa binafsi wa huko alikipiga faini ya pauni 400,000. Kiligawa taarifa za watu zaidi ya milioni 14 kwa mashirika 39, yakiwemo ya kupima kama mtu anakopesheka na ya masoko, na akina mama hawakuambiwa vya kutosha. Ndani yake kulikuwa na tarehe za kuzaliwa za vitoto. Mtoto hajakata kitovu na jina lake liko sokoni.

Kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kazi 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Habari za afya na habari za watoto zimewekwa kwenye taarifa nyeti. Una haki ya kumwambia mtu acha kutumia taarifa zangu kunitangazia biashara, na akipuuza una pa kulalamika. Wengi hatujui, mimi mwenyewe nimejua mwaka jana kwenye semina niliyoenda kwa sababu ya posho.

Sasa, je, simu isimuulize mama chochote? Hapana, sijasema hivyo. Mnaokumbuka Wazazi Nipendeni, ilianza 2012: unatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure kabisa, hata kwa simu ya tochi, unasema uko wiki ya ngapi au mtoto ana umri gani, unaletewa ujumbe wa kukukumbusha kliniki, dawa ya malaria, dalili za hatari. Nayo iliuliza wiki zako. Ila mwisho wa ujumbe hakukuwa na kopo. Jirani zetu Kenya wana huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health, mama anatuma swali lake kwa meseji na anajibiwa, na likiwa la hatari linapelekwa kwa binadamu. Hiyo ndiyo maana ya kuulizana na kujibizana. Unauliza wewe, wanajibu wao. Kwenye barua za matangazo ni kinyume, wanauliza wao halafu jibu wanalijua toka jana.

Hata wafanyabiashara wakitaka wanaweza. Uingereza hiyohiyo, mwaka huohuo wa 2019, kampuni ya maua ya Bloom & Wild iliwatumia wateja barua pepe kabla ya Siku ya Mama ikiwauliza swali moja tu: ungependa mwaka huu tusikutumie matangazo ya siku hii? Kitufe kimoja. Karibu watu 18,000 walikibonyeza. Waliofiwa na mama, waliofiwa na watoto, wanaotafuta mtoto na hawajapata, sijui, na kampuni haikuwauliza sababu. Hilo ndilo lililonifanya nikae nikafikiri. Kitufe kilekile, ufundi uleule, lakini safari hii kimewekwa kwa faida ya anayekibonyeza.

Kwa hiyo wewe mama mjasiriamali uliyemo humu, muuza kanga za kubebea, mafuta ya watoto, uji wa lishe, na najua mpo wengi na sasa mnatuma barua pepe na matangazo ya makundi, nakuomba kama mteja wako. Usiulize wiki za mimba kama unauza kanga, hazikuhusu. Ukiziuliza, weka juu, si chini, kitufe cha kusema "mambo yamebadilika, nisitumiwe tena", na akikibonyeza asiulizwe kwa nini. Saa inayohesabu sekunde iweke kwenye madera na viatu, usiiweke karibu na chakula cha mtoto. Na usijifanye nesi. Tuko wa kutosha, tunalipwa kidogo.

Wewe unayepokea, fanya hivi leo ukipata dakika kumi mtoto kalala. Kwenye mipangilio ya Gmail kuna sehemu ya picha, chagua iwe inakuuliza kabla ya kuonyesha, kale kapicha ka siri kanakosa kazi. Wenye iPhone, tangu 2021 kuna sehemu ya kulinda faragha ndani ya Mail, iwashe. Kwa vikokotoo na michezo fungua anwani ya pili ya barua pepe, ile ya kazini na ya familia usiitoe. Kujua tarehe ya kujifungua huhitaji kumpa mtu anwani yako hata kidogo, njoo na tarehe yako ya hedhi, nesi yeyote anakuhesabia kwa kidole na kalenda ya ukutani. Na ukikuta swali la "mtoto wako anashiba?", weka simu chini, hesabu nepi. Kama zimeloa sita na uzito kwenye kadi unapanda, kunywa maji, endelea kunyonyesha. Kama hazifiki, au mtoto amelegea, hataki titi, ana joto, au ni wa njano mpaka miguuni, usijibu maswali ya mtu yeyote, njoo hospitali usiku huohuo. Tupo.

Akina baba, kazi yenu ni ile ya mume wangu. Uliza kama anakojoa.

Yule mama aliruhusiwa Alhamisi. Amenitumia ujumbe jana jioni. Anasema ile ya matunda imeacha kuja, lakini Ijumaa amepata nyingine, ya duka la vitanda vya watoto ambalo hajawahi hata kulisikia. Inamtaka achague rangi.

Jumamosi, umanjano. Mwenye mtoto wa chini ya wiki mbili asikose, na mje na picha za miguu yao ziwe za mchana, si za taa.